Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya tiba Zanzibar: mgongo wa mama yangu haukuwa umehama, ulikuwa unaliwa

Kwenu Waheshimiwa mlokabidhiwa kazi ya kusajili na kukagua tiba asili, tiba mbadala na vituo binafsi vya afya, Unguja na Pemba,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, nawaombea afya na kheri katika kazi zenu. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mzaliwa wa Micheweni, Pemba, na hii si barua yangu ya mwanzo kwenu juu ya vyumba vya kunyoosha migongo kwa mikono, ni ya 4. Tatu zilotangulia nilizileta kwa utaratibu mnaoutaka wenyewe. Ya mwezi wa 9 mwaka jana niliipeleka kwa mkono nkagongewa muhuri wa kupokelewa, ya mwezi wa 11 nkaituma kwa barua pepe na nkapiga simu kuhakikisha imefika, ya mwezi wa kwanza mwaka huu nkapanda boti mpaka Unguja nkaja nayo mwenyewe, na karani (kijana mwenye adabu zake, sina ubaya nae) akanambia "mwalimu, faili liko mezani kwa mkubwa". Mpaka leo liko mezani. Ndo mana nawaandikia hapa mbele ya watu, kwa heshima ile ile nlokuwa nayo siku ya mwanzo.

Nawaeleza tena kisa, mana sijui kama kuna alokisoma.

Mama yangu ana miaka 58 na analima mwani tangu mimi sijaanza skuli. Anaeijua kazi ile anajua, maji yakitoka unateremka pwani unainama masaa, unapigilia vigingi, unafunga mbegu kwenye kamba moja moja, ukimaliza unatwika gunia linalochuruzika maji mpaka juu unakoanika. Kwa hiyo alipoanza kulalamika mgongo mwezi wa 2 mwaka jana hakuna alostuka, sote tulisema mwani huo. Ila maumivu yalikuwa katikati ya mgongo, sio kiunoni kama siku zote, na usiku yalikuwa hayampi usingizi. Akawa anatoka jasho la usiku mpaka kanga inaloa, tukasema joto. Ramadhan ikaingia akakonda, tukasema funga. Leo nikiyakumbuka hayo nashika kichwa, kila dalili ilikuja na sisi tukaipa jina la karibu.

Mwezi wa 4 ikapita gari yenye spika. Mgongo, kiuno, miguu kuwaka moto, presha, sukari, vidonda vya tumbo, kukosa uzazi, njooni Chake Chake mpimwe mishipa ya fahamu bure. Nkampeleka mimi, kwa miguu yangu. Chumba kilikuwa safi, kina feni, kitanda cha kupasuka katikati pale pa kueka uso, na ukutani picha kubwa ya uti wa mgongo ilotolewa mistari ya rangi, pingili hii inakwenda kwenye moyo, hii ini, hii figo, hii kizazi. Mama akapewa kijiti cha chuma akishike mkononi, waya umeunganishwa na kompyuta, baada ya dakika moja ikatoka karatasi kurasa 6. Yule bwana akasoma kwa upole, "bi mkubwa, pingili zako 5 zimehama mahali pake, zimebana mishipa ya fahamu, ndo mana hulali, ndo mana unakonda, mwili haupati amri kutoka kwenye ubongo." Akamlaza kifudifudi, akapandisha mikono, akabonyeza kwa mara moja. Mgongo ukaalika ta, ta, ta. Mama akashusha pumzi.

Na sitaki kusema uongo, siku ile alipata nafuu. Alilala. Ndo mana tukarudi.

Kikao kimoja 25,000, ukilipa pakiti ya vikao 24 kwa pamoja 480,000. Siku tulolipa, kilo ya mwani mkavu mama alikuwa kauza shilingi 800. Pigeni hesabu Waheshimiwa, ni kilo 600 za mwani mkavu. Alikwenda vikao 17. Kufika cha 9 maumivu yakazidi, yule bwana akasema ndo dalili ya kupona, mwili unajipanga upya, akatuuzia na mkanda wa kiuno 60,000.

Usiku mmoja mwezi wa 7 nikawa nampaka mafuta ya nazi mgongoni. Kidole changu kinateremka kwenye uti, kikajikwaa. Kinundu, mfupa umetokeza nje kama kiungo cha kidole. Marehemu bibi yangu alikuwa mchuaji anaejulikana kule kwetu, watu wakitoka mpaka Konde kumfuata, na nlikuwa nakaa pembeni yake mtoto namshikia kibuyu cha mafuta. Bibi alikuwa haanzi kukanda mpaka apitishe vidole muda mrefu hasemi kitu, na akikuta mfupa ulotokeza anafunika kanga anasema huu si wangu, mpelekeni spitali. Hakusoma hata darasa moja. Yule bwana wa kitanda cha kupasuka alibonyeza pale pale mara 17 na hakuona, au aliona akanyamaza.

Kesho yake asubuhi mama alitoka ndani akaenda mpaka kisimani na ndara moja, nyengine imebaki mlangoni. Nkamwita, "mama, ndara yako." Akatazama mguu. Hakuwa anajua kama hana.

Tukapiga picha, tukaambiwa tuvuke. Boti tokea Mkoani, mama kalazwa chini kwenye mkeka baina ya viti. Unguja wakampiga kipimo cha emarai (MRI), picha ya ndani ya mwili. Kifua kikuu cha mgongo. Pingili 2 za kifuani zimeliwa, usaha umekusanyika unausukuma uti wa mgongo, ndo mana miguu inakufa ganzi. Mama hajakohoa hata siku moja, na sisi tulikuwa hatujui kama kifua kikuu kinakaa mgongoni. Daktari aliinamia picha muda, kisha akaniuliza "nani alokuwa anambonyeza hapa?"

Sasa naweka malalamiko yangu kwa namba, ili anaejibu ajibu kwa namba.

1. Elimu inayouzwa kwenye vyumba hivi sio kweli, na mnairuhusu itangazwe kwa spika.

Nimesoma kila nlichoweza kupata mana nlitaka kujua nlidanganywa wapi. Tiba hii ya kunyoosha mgongo kwa mikono inaitwa kairopraktiki, ilianzishwa Marekani mwaka 1895 mji wa Davenport, Iowa, na mtu anaitwa Daniel David Palmer, ambae kabla yake alikuwa akitibu watu kwa alichokiita nguvu za sumaku. Inasimuliwa kuwa alimbonyeza mgongo mfagiaji wa jengo lilokuwa na ofisi yake, Harvey Lillard, alokuwa hasikii, na masikio yakafunguka. Palmer akajenga hapo madai kuwa asilimia 95 ya maradhi yote ya binadamu yanatokana na pingili zilohama kidogo zikabana mishipa ya fahamu, hali ambayo wafuasi wake wanaiita sablaksesheni. Ila mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka kwenye ubongo unaingia sikioni ndani kwa ndani ya fuvu, haupiti mgongoni wala shingoni. Kisa chenyewe kilichoanzisha jambo hakikai sawa, na karatasi ya mama yangu ya kurasa 6 imeandikwa juu ya msingi huo huo miaka 130 baadae.

Na msidhani nawaletea maneno ya mahasimu wao tu. Uingereza kairopraktiki inatambuliwa na sheria, wana baraza lao la kuwasajili, General Chiropractic Council, na baraza hilo hilo mwaka 2010 liliwaandikia watu wake kuwa habari ya sablaksesheni ni dhana ya kihistoria na hakuna utafiti wa kitabibu unaowapa haki ya kudai kuwa ndo chanzo cha maradhi. Wenye fani yao wameandika hivo! Kwetu picha ya mistari ya rangi bado iko ukutani inamwambia mtu mwenye sukari kuwa kongosho lake limebanwa na pingili.

Mishipa ya fahamu inabanwa, hilo kweli. Baina ya pingili na pingili mna kitako laini, watu wanaita diski, kikichomoza kinaweza kugusa mzizi wa mshipa na mtu akasikia moto unateremka kutoka tako mpaka unyayo. Mara nyingi ni pingili za chini kabisa za kiuno, na wengi wao hupata nafuu wiki kadhaa au miezi michache bila kupasuliwa. Lakini kutoka hapo mpaka kusema moyo, ini na kizazi vinangoja amri ya pingili ni safari ndefu sana. Moyo ukipandikizwa kwa mtu mwengine mishipa yake ya fahamu inakatwa yote, na unapiga. Mtu alovunjika shingo akapooza mikono na miguu, ini lake na figo zake zinaendelea na kazi. Hivi vitu viko wazi, mwanafunzi wa sekondari anavielewa akielezwa kwa Kiswahili. Na mshipa mkubwa unaoutuliza moyo na kuongoza tumbo unatoka kichwani moja kwa moja unapita pembeni ya shingo, haumo kwenye uti.

2. Vipimo vyao havipimi kitu. Kijiti cha chuma na waya hakiwezi kukwambia pingili ipi imekaa vipi, na mimi baadae nilimpeleka mdogo wangu mzima wa afya, mcheza mpira, karatasi ikatoka na pingili 5 zilohama. Tano zile zile.

Na hata wakileta picha ya eksirei bado wanaitumia kutisha. Wanamuonesha mtu picha ya mgongo ilopigwa kwa ubavuni, wanamwambia umepinda, kumbe mgongo wa mtu ndo ulivoumbwa, shingo inaingia ndani, kifua kinatoka nje, kiuno kinaingia tena. Au wanamwambia diski zimesagika. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawana maumivu yoyote ya mgongo, na kusagika kwa diski kulikutwa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi. Mtu ana mvi na kichwa kinamuuma, huwezi kumwambia mvi ndo zinamuuma.

3. Hawaulizi. Hili ndo kubwa kuliko yote na kama mtasoma namba moja tu katika barua hii someni hii.

Katika vikao 17 mama yangu hajaulizwa hata mara moja kama anatoka jasho usiku. Hajaulizwa kama amekonda, ana homa, maumivu yanamuamsha usingizini, miguu ina nguvu, haja ndogo anaihisi. Hajavuliwa kanga mgongo ukatazamwa kwa mwangaza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa kairopraktiki mwaka 2005, na katika orodha ya watu ambao mgongo wao usibonyezwe kabisa, kifua kikuu cha uti wa mgongo kimetajwa kwa jina. Kwa jina, Waheshimiwa. Mwongozo huo huo unataka mafunzo kamili yawe miaka 4, saa zisipungue 4,200, na ndani yake saa 1,000 za kutibu chini ya usimamizi, na sababu moja ya saa zote hizo ni kumfundisha mtu amjue mgonjwa ambae hatakiwi kumgusa. Nilipomuuliza yule bwana kasoma wapi alinionesha cheti cha semina ya wiki 2.

Na si mama peke yake. Kuna ami yetu mmoja pale kijijini ana sukari miaka, nyayo zimekufa ganzi kama zinavokufa kwa wengi wenye sukari isotulia, akaambiwa ni kiuno, akawa anakwenda kualishwa kiuno huku kidonda kinamuoza kidole na yeye hakisikii.

Dalili hizi hazihitaji mashine. Maumivu ya mgongo pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda. Kinundu kwenye uti. Miguu kuishiwa nguvu. Ganzi sehemu ile anayokalia mtu akipanda baskeli, au mkojo kuziba au kutoka wenyewe, hii ni ya kukimbizwa spitali siku ile ile wala sio ya kungoja kikao cha Alkhamis. Alieanguka mkarafuu. Alokuwa na saratani. Karatasi moja tu, maswali 8, kwa Kiswahili, ingempeleka mama yangu spitali mwezi wa 4 badala ya mwezi wa 7.

4. Shingo. Ndani ya mifupa ya shingo mna matundu inapita mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo, na kuzungusha shingo kwa ghafla kunaweza kuuchana mmoja wapo mtu akapata kiharusi. Ni nadra, lakini yanatokea na yameandikwa. Hapa mjini na mashamba shingo zinazungushwa na kila mtu, mpaka kinyozi akimaliza kunyoa anakushika kidevu. Nani ashawahi kuwaambia?

5. Pesa zinachukuliwa kabla. Hakuna mtibu wa kweli anaejua leo kuwa utapona kwenye kikao cha 24. Nilipokwenda kudai vikao 7 vilobaki niliambiwa pakiti hairudishwi, na wiki ya pili yake chumba kilikuwa kimefungwa, wamehama, nasikia wako Wete kwa jina jengine. Na ule mkanda wa 60,000, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwezi wa 12 mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umesema wazi mikanda hiyo isitumike kama tiba ya kawaida.

Kwa haki niseme na upande wa pili, mwongozo huo wa 2023 umetaja kunyoosha mgongo kwa mikono na kukanda kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumsaidia mtu mwenye maumivu sugu ya kiuno yasokuwa na ugonjwa nyuma yake, pamoja na mazoezi na elimu. Kwa hiyo sisemi kila anaeshika mgongo ni tapeli, na alosoma kikweli akajua mipaka yake namheshimu. Bibi yangu mikono yake ilisaidia watu. Nlokuja nacho kwenu ni hichi, mkono unaotibu maumivu ya kiuno usiruhusiwe kuuza tiba ya sukari, na kabla haujabonyeza uulize.

Najua majibu nitakayopewa, mengine nishapewa mlangoni.

Mtasema sheria zetu hazina kipengele cha kairopraktiki. Basi wale watu walifungua kituo kwa kibali cha nani? Ama ni tiba mbadala na iko chini yenu, ama ni kituo cha afya na iko chini yenu, ama hakina kibali na kukifunga ni kazi yenu. Milango yote mitatu inafunguka kwenye ofisi zenu.

Mtasema wakaguzi ni wachache na Pemba ni mbali. Hilo naliamini, mimi mwenyewe nafundisha darasa la watoto 90, naijua shida ya watu wachache. Lakini gari yenye spika haijifichi. Inapita barabara kuu mchana.

Mtasema wananchi wenyewe ndo wanaotaka, hakuna alolazimishwa. Mama yangu alitaka apone, Waheshimiwa, hakutaka kubonyezwa usaha. Alichokichagua alichaguliwa na karatasi ya uongo ya kurasa 6, na mtu hachagui kitu ambacho hajaelezwa.

Na kuna watakaosema namtia mtu makosani kwa jambo la bahati mbaya, kifua kikuu cha mgongo hata madaktari wanakikosa. Kweli wanakikosa. Tofauti ni kuwa daktari akikikosa kuna faili, kuna jina lake, kuna pa kwenda kushtaki. Mimi nimebaki na risiti isiyo na anuani.

Ninayoyaomba ni haya.

Ndani ya siku 30 tangazeni orodha ya kila mtu na kila kituo kilichoruhusiwa kunyoosha migongo Unguja na Pemba, jina la kituo, kilipo, na elimu ya anaetibu. Ibandikwe kwenye ofisi za wilaya na za shehia, mana si kila mtu ana bando. Asokuwemo afungiwe.

Pigeni marufuku matangazo yanayodai kutibu presha, sukari, ugumba, kifafa au vidonda vya tumbo kwa kunyoosha mgongo, na zile picha za mistari ya rangi na vijiti vya chuma vitolewe vyumbani.

Tengenezeni ile karatasi ya maswali 8, iwe lazima kujazwa kabla ya mkono wa kwanza, na alojibu ndio kwenye swali hata moja aandikiwe barua ya kwenda spitali. Pakiti za kulipwa kabla ziondoke, kila kikao kilipwe kikisha.

Wachuaji na wakandaji wa vijijini waiteni muwafundishe dalili za kifua kikuu cha mgongo, sio muwakamate. Wao ndo wa mwanzo kuushika mgongo wa mkulima wa mwani na mchumaji wa karafuu. Mchuaji mmoja mfano wa bibi yangu, alofunzwa vizuri, katika kila shehia atawaletea wagonjwa mapema kuliko mashine yoyote. Na kwenye spitali za Pemba tuongezeeni wataalamu wa mazoezi tiba, mana mtu akikosa pa kwenda na kiuno chake ataifuata spika.

La mwisho, nataka jibu la maandishi la barua zangu 3. Hata likiwa baya.

Mama yuko nyumbani. Kaandikiwa dawa za mwaka mzima, zinatolewa bure alhamdulillah, na kila asubuhi namhesabia vidonge kwenye kiganja, na kile kidogo cha vitamini B6 cha kulinda mishipa ya fahamu mana moja katika dawa zile inaweza kuichosha. Jasho la usiku limekata. Anatembea kwa fimbo mpaka kisimani, mguu wa kushoto bado unaburuta kidogo, kinundu kipo na nimeambiwa hakitaondoka. Mwani hawezi tena. Kamba zake kampa jirani.

Jumatatu ijayo nampeleka kuchukua dawa za mwezi wake wa tisa. Tukitoka hapo nitapita ofisini kwenu huku Pemba saa 3 asubuhi, nitakuwa na nakala ya barua zote 4 na risiti, na bi mkubwa atakuwa pamoja nami, kwa hiyo naomba kiti kimoja chenye mgongo.

Wenu katika kheri,

Mwalimu, mtoto wa mkulima wa mwani, Micheweni
(Jina langu kamili na namba ya simu mnazo, ziko juu ya kila barua nlokuletieni.)